Pweza, ngisi na dome: Ndugu wa konokono waliojivua gamba

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

MKAZI wa Ifakara anayekwenda sokoni kutafuta kitoweo hapati taabu kutambua anachokinunua. Kambale hujulikana kwa sharubu zake na ngozi yake yenye utelezi, perege kwa miba ya mgongoni. Hao ni samaki wa Mto Kilombero, na hata mtoto wa shule ya msingi huwataja bila kusita.

Mkazi huyo huyo akisafiri hadi Dar es Salaam na kuingia katika soko la samaki la Feri, Magogoni, mambo hubadilika. Anaweza kukuta viumbe laini, wenye macho makubwa na minyiri mingi, wamelazwa kando kwa kando. Muuzaji mmoja atamwambia huyu ni ngisi. Wa pili atamwita huyo huyo dome. Mnunuzi mwenzake, asiyetaka kujisumbua, atawaita wote pweza.

Kwa mpishi, kosa hilo huishia katika sufuria iliyochemshwa muda mrefu kupita kiasi au mfupi kupita kiasi. Kwa watu wa pwani, hasa wanawake wanaoshuka miambani maji yakipwa kutafuta riziki, tofauti za viumbe hawa ni jambo la kipato cha kaya. Pweza, ngisi na dome hawaishi namna moja, hawazai namna moja, wala hawaathiriwi na uvuvi kwa namna moja. Makala haya yanaeleza wanapofanana, wanapotofautiana, na kwa nini mmoja wao anahitaji kupumzishwa zaidi.

Ukoo mmoja

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliye samaki. Samaki ana uti wa mgongo, hawa hawana. Wanasayansi huwaweka katika kundi kubwa la moluska, pamoja na konokono, koa, chaza na kome. Ndani ya kundi hilo wana tawi lao liitwalo sefalopoda, jina lenye asili ya Kigiriki linalounganisha maneno mawili, kichwa na mguu. Jina hilo linawafaa, kwa kuwa minyiri yao huanzia kichwani, kuuzunguka mdomo.

Spishi za sefalopoda waliopo duniani zinakadiriwa kuwa zipatazo 800. Karibu wote ni walaji wa nyama. Mdomoni wana kitu kigumu kilichopinda mithili ya mdomo wa kasuku, nacho ndicho wanachotumia kupasulia kaa, kamba na samaki.

Pweza, ngisi na dome wana mioyo mitatu kila mmoja. Miwili husukuma damu kwenda katika mashavu, wa tatu huisukuma mwilini. Damu yenyewe ni ya buluu, kwa sababu hubeba hewa ya oksijeni kwa kutumia madini ya shaba badala ya chuma kama damu ya binadamu.

Aidha, wote watatu hukimbia kwa kuvuta maji ndani ya mwili na kuyatoa kwa nguvu kupitia mrija mfupi ulio chini ya kichwa, nao husukumwa upande wa pili. Wote hutoa wino wa kumzuga adui. Ngozi zao zina maelfu ya vifuko vidogo vya rangi ambavyo misuli huvitanua na kuvibana, hivyo mnyama hubadili rangi kufumba na kufumbua.

Ndugu waliobaki mtoni

Bonde la Kilombero lina maji mengi. Eneo lake oevu, lenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 7,967, liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu. Pamoja na maji yote hayo, hakuna pweza wala ngisi hata mmoja anayeishi humo, kwa kuwa sefalopoda wote ni viumbe wa baharini. Miili yao haina uwezo wa kuhimili maji yasiyo na chumvi. Ngisi wachache sana, akiwamo mmoja wa pwani ya mashariki ya Marekani, huweza kuingia katika maji ya chumvi hafifu karibu na midomo ya mito, lakini hakuna aliyehamia mtoni moja kwa moja.

Ndugu zao waliofaulu kuhamia maji baridi ni konokono na kome. Watu wa bonde hili wanawajua konokono hao kwa madhara zaidi kuliko kwa faida. Konokono wadogo wa jamii ya Bulinus, wanaokaa katika madimbwi na maji yanayokwenda polepole, ndio wanaohifadhi vimelea vya kichocho cha mkojo kabla havijamwingia binadamu kupitia ngozi.

Wilaya ya Kilombero ina nafasi yake katika historia ya utafiti wa ugonjwa huo. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya utafiti ambamo wanafunzi wa shule za msingi za wilaya hiyo waliulizwa, kwa dodoso lililopitia mikononi mwa walimu, kuhusu magonjwa waliyougua, ikiwa ni pamoja na kukojoa damu. Majibu yao yalilingana vyema na vipimo vya maabara, na njia hiyo rahisi ya kutambua shule zenye kichocho kingi ikajaribiwa baadaye katika nchi nyingine za Afrika. Kazi hiyo ilihusisha watafiti wa kituo cha Ifakara kilichoanzishwa na Waswisi mwaka 1957, ambacho leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara.

Konokono huyo wa kichocho na pweza wa Feri wana babu mmoja wa kale. Kinachowatenganisha kwa macho ni gamba. Konokono amelibeba hadi leo. Pweza amelivua.

Gamba lilikwenda wapi?

Sefalopoda wa kwanza walitokea baharini takriban miaka milioni 500 iliyopita, nao walikuwa na gamba la nje. Ushahidi wa magamba ya jamaa zao waliokuja baadaye upo hata nchini mwetu. Katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, kuna matabaka ya miamba iliyofanyika chini ya bahari. Ndani yake zimo amonaiti, yaani sefalopoda wa kale wenye gamba lililojiviringa kama pembe ya kondoo dume. Amonaiti walitoweka duniani takriban miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dinosaria.

Gamba la nje ni ngome, lakini pia ni mzigo. Wataalamu wengi wanaona kwamba samaki wenye kasi walipozidi kuongezeka baharini, kasi na werevu vikawa na faida kuliko ngome. Jamii mbalimbali za sefalopoda zikaachana na gamba, kila moja kwa kiwango chake. Hapo ndipo penye ufunguo wa kuwatofautisha. Dome ameliingiza gamba ndani ya mwili. Ngisi amelikondesha hadi likawa uti mwembamba. Pweza ameliacha karibu lote.

Dome

Dome ana mwili mpana uliobapa kidogo, umbo la yai. Pezi lake ni kama ukanda mwembamba unaozunguka mwili karibu wote, na akiogelea ukanda huo hucheza kama ukingo wa khanga kwenye upepo. Ana minyiri minane mifupi na mingine miwili mirefu ya kunasia mawindo, ambayo huifyatua ghafla, kisha huirudisha na kuificha ndani ya mifuko iliyo chini ya macho. Mboni ya jicho lake ina umbo la herufi W.

Mgongoni, chini ya ngozi, ana gamba jeupe la chokaa, jepesi kama povu lililokauka. Gamba hilo lina vyumba vidogo vingi ambavyo dome huvijaza maji au hewa ili aelee au azame bila kutumia nguvu nyingi. Wanaotembea ufukweni huliokota mara kwa mara, kwa kuwa mnyama akifa gamba huelea hadi nchi kavu. Wafugaji huliweka katika vizimba vya ndege ili wapate madini ya chokaa, na masonara wamelitumia tangu zamani kuchonga kalibu za kumiminia dhahabu na fedha.

Dome huishi karibu na sakafu ya bahari. Jike huyabandika mayai mojamoja penye miamba au mimea, kisha huondoka. Vifaranga hutoka wakiwa na umbo la wazazi wao.

Ngisi

Ngisi ni mwogeleaji wa maji ya wazi. Mwili wake ni mrefu, umechongoka mithili ya mkuki, na kwa kawaida una mapezi mawili upande wa nyuma yanayofanya umbo la ncha ya mshale. Kama dome, ana minyiri minane mifupi na miwili mirefu. Tofauti kubwa imo ndani. Badala ya gamba la chokaa, ana uti mwembamba, laini, unaopitisha mwanga kama kipande cha plastiki. Mpishi huuvuta ukatoka wote kwa mkupuo mmoja.

Ngisi hutembea kwa makundi na huvutwa na mwanga, ndiyo maana wavuvi wengi humtafuta usiku kwa taa. Katika hoteli za mijini huandikwa kalamari. Sayansi ya tiba nayo ina deni kwake: mishipa yake minene ya fahamu iliwawezesha Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley kueleza jinsi ujumbe unavyosafiri katika neva, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Hata hivyo, yuko ngisi mmoja anayewachanganya hata wazoefu. Huyo ni ngisi wa miambani, kwa jina la kisayansi Sepioteuthis lessoniana, anayepatikana pia katika maji ya Afrika Mashariki. Mapezi yake ni makubwa na yameuzunguka mwili karibu wote, hivyo ukimtazama haraka utamdhani dome. Kinachomuumbua ni mgongo. Ukiubonyeza hukuti gamba gumu.

Pweza

Pweza ana minyiri minane tu, wala hana ile miwili mirefu. Hana mapezi kwa spishi zinazovuliwa kwetu, na mwili wake ni kama mfuko wa mviringo usio na kitu kigumu ndani isipokuwa mdomo. Kwa sababu hiyo hupenya katika tundu lolote linaloruhusu mdomo huo kupita.

Spishi inayovuliwa zaidi katika magharibi ya Bahari ya Hindi ni Octopus cyanea, aliyepewa jina hilo na Mwingereza John Edward Gray mwaka 1849. Ni pweza wa mchana, anayewinda kaa na kamba katika miamba ya matumbawe na kurudi pangoni mwake.

Mfumo wa fahamu wa pweza unakadiriwa kuwa na chembe hai za neva milioni 500, na takriban theluthi mbili ziko katika minyiri. Ndiyo sababu kila mnyiri huweza kupapasa na kushika kana kwamba una akili yake. Pamoja na werevu huo, watu wa pwani humtolea mfano wa mtu anayejipalia makaa. Pweza akibanikwa, minyiri yake hujikunja na kuyavuta makaa kuelekea kwake mwenyewe.

Jamaa wasiofika sokoni

Wako pia jamaa ambao mlaji wa kawaida hakutani nao. Nautilasi ndiye sefalopoda pekee aliye hai aliyebaki na gamba kamili la nje. Ana minyiri ipatayo 90 isiyo na vikombe vya kunatia, wala hana wino. Hukua taratibu na huishi miaka mingi, na kwa kuwa gamba lake zuri limemponza, biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti ya mkataba wa CITES tangu Januari 2017.

Mwingine ni mnyama wa vilindi aitwaye Vampyroteuthis infernalis. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1903 na Mjerumani Carl Chun, kiongozi wa msafara wa meli ya Valdivia wa mwaka 1898 hadi 1899, meli iliyotia nanga pia Dar es Salaam. Chun alimdhania pweza, na jina alilompa humwita ngisi mnyonya damu. Baadaye ilibainika kwamba si pweza wala ngisi, na wala hanyonyi damu, bali hula chembechembe za mabaki zinazodondoka kutoka juu.

Mkubwa kuliko wote kwa uzito ni ngisi wa bahari za Antaktika. Mmoja aliyenaswa na wavuvi mwaka 2007 alikuwa na uzito wa kilo 495.

Namna ya kuwatambua

Mnunuzi anayesimama mbele ya meza ya muuzaji anaweza kufuata hatua tatu. Kwanza, ahesabu minyiri. Ikiwa ni minane tu na hakuna mapezi, huyo ni pweza. Ikiwa ni kumi, miwili ikiwa mirefu kuliko mingine, ni ngisi au dome.

Pili, abonyeze mgongo. Akikuta kitu kigumu na kipana kama ubao mdogo, ni dome. Akikuta mwili unabonyea, isipokuwa uti mwembamba, ni ngisi.

Tatu, atazame mapezi, lakini asiyategemee peke yake, kutokana na yule ngisi wa miambani aliyetajwa. Ikumbukwe pia kwamba majina hayatumiki sawa kila mahali. Katika masoko mengi jina la ngisi hubebeshwa wote wawili, hivyo vidole vya mnunuzi ni mashahidi wazuri kuliko jina.

Jikoni, pweza hupondwa au kuchemshwa kwa muda mrefu ili alainike. Ngisi hupikwa kwa muda mfupi sana, la sivyo huwa mgumu kama mpira.

Mama asiyetoka pangoni

Kupoteza gamba kulimpa pweza wepesi, lakini kulimfanya mtumwa wa pango. Hawezi kukaa peupe kwa muda mrefu kama ngisi, anayeitegemea kasi yake na kundi lake. Lazima awe na tundu mwambani. Tundu hilo hufikika kwa miguu wakati wa bamvu, maji yanapokupwa sana. Ndiyo maana uvuvi wa pweza umekuwa kazi ya wanawake wengi wa pwani yetu. Hauhitaji chombo wala injini, bali kijiti cha kuchokolea, jicho kali na subira. Wanaume huwatafuta zaidi kwa kupiga mbizi katika maji ya kina. Viwanda vya kusindika vilipoanza kununua pweza kwa ajili ya soko la Ulaya, kitoweo hicho kiligeuka kuwa zao la fedha, na walioingia miambani wakaongezeka.

Tatizo ni jinsi pweza anavyozaa. Jike hutaga mara moja tu maishani. Huyaning'iniza mayai yake, yanayofikia laki kadhaa, ndani ya pango, kisha huyalinda na kuyapepea kwa maji bila kutoka kwenda kutafuta chakula. Mayai yanapoanguliwa, mama huwa amedhoofika, naye hufa. Maisha yake yote huchukua kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Dome na ngisi nao huishi muda mfupi, lakini wao hutaga na kuondoka. Pweza jike hubaki palepale, mahali anapofikiwa na kijiti. Anayeuawa akiwa juu ya mayai huondoka na kizazi chake chote.

Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara hukataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500. Katazo hilo humwokoa mtoto, lakini halitoshi kumwokoa mama. Utafiti uliofanywa kusini-magharibi mwa Madagaska na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba nusu ya majike ya spishi hiyo hiyo hukomaa wakifikia uzito wa zaidi ya kilo mbili. Kwa maneno mengine, pweza wa kilo moja ni halali kisheria, ingawa huenda hajawahi kutaga.

Kwa sababu hiyo baadhi ya vijiji vimechagua kufunga miamba. Wanakijiji wa Andavadoaka, Madagaska, walianza mwaka 2004 kwa kusimamisha uvuvi wa pweza katika sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa. Mpango wa namna hiyo umefuatwa pia nchini, ikiwa ni pamoja na Songosongo wilayani Kilwa na Kisiwa Panza huko Pemba. Pweza hukua kwa kasi kubwa, hivyo miezi michache ya mapumziko hutosha kumfanya mdogo awe mkubwa, na baadhi ya majike hupata nafasi ya kuangua.

Hata hivyo, kufunga peke yake si dawa kamili. Siku ya kufungua, watu wengi wakiingia kwa pamoja, faida ya miezi mitatu huweza kuvunwa kwa siku chache. Mama anayetegemea pweza kulisha watoto naye anahitaji chanzo kingine cha riziki wakati mwamba umefungwa, la sivyo wenzake watakuwa wameyahifadhi mapango kwa gharama ya sufuria yake.

Msomaji wa Ifakara anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Lakini maji ya Mto Kilombero hukutana na yale ya Luwegu na kuufanya Mto Rufiji, ambao zaidi ya nusu ya maji yake hutoka katika bonde hili. Rufiji hupita katika Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, kisha hufika baharini mkabala na Kisiwa cha Mafia, ambako pweza huvuliwa. Konokono wa mashamba ya mpunga huishi mwanzoni mwa safari hiyo ya maji, na ndugu yake asiye na gamba huishi mwishoni. Akimkuta huyo wa pili sokoni, mnunuzi na ahesabu minyiri yake, kisha amwinue ampime uzito. Akiwa mdogo mno, amrudishe mezani na kumwambia muuzaji sababu.